Krimu, jua na seli za kinga za ngozi: uchambuzi wa kisa cha mwanikaji dagaa wa Mwanza

Kisa hiki kinahusu nini

Kisa hiki kinamhusu mwanamke mwenye umri wa miaka 30 na ushee, anayenunua dagaa wabichi alfajiri katika mmojawapo wa mialo ya jiji la Mwanza, akawaanika na kuwauza wakishakauka. Alifika kliniki ya ngozi akiwa na fangasi iliyoenea kutoka kiunoni hadi mgongoni na chini ya matiti, baada ya kupaka krimu ya kung'arisha ngozi kwa takriban mwaka mzima. Fangasi ya ngozi ni ugonjwa wa kila siku katika ukanda wa Ziwa, na kwa kawaida haihitaji kuandikiwa kurasa nyingi. Tumeiandikia kwa sababu maelezo yaliyozoeleka, kwamba krimu hizi "zinashusha kinga", hayamsaidii mhudumu kuamua la kufanya pale mgonjwa anaporudi wiki ya pili akilalamika kwamba anawashwa kuliko alivyokuja. Kinachomsaidia ni kujua kwamba seli za kinga zinazokaa kwenye ngozi hulelewa na ngozi yenyewe kwa vichochezi vya ukuaji, kwamba steroidi kali, yaani dawa za kuzima uvimbe zinazowekwa kwenye krimu kama hizi, huvuruga malezi hayo, na kwamba kinga inapoanza kurejea, mgonjwa husikia muwasho kabla ya kuona nafuu.

Jina la mgonjwa, mwalo anaofanyia kazi, kliniki na baadhi ya mambo yanayoweza kumtambulisha yameondolewa au kubadilishwa. Mgonjwa aliridhia kisa chake kitumike kufundishia.

Historia ya mgonjwa na mazingira yake

Mgonjwa ni mama wa watoto watatu. Kazi yake humtoa nyumbani kabla ya mapambazuko ili awahi mitumbwi inayorudi kutoka kuvua kwa taa, na humweka juani hadi alasiri akitandaza dagaa, akiwageuza na kufukuza ndege. Mwanza iko takriban nyuzi 2.5 kusini mwa Ikweta na zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mchanga wa ufukweni hurudisha sehemu ya mwanga unaouangukia. Kwa hiyo ngozi ya mtu anayefanya kazi hii hupokea mionzi ya urujuanimno (UV) kwa wingi, siku baada ya siku, hata kama rangi yake nyeusi humkinga kwa kiasi kikubwa.

Jua hilo hilo ndilo lililomfanya atafute krimu. Alisema uso na mikono yake vilikuwa vimeungua na kuwa na mabaka, na mwuza vipodozi mmoja akamchanganyia mkorogo. Tulimwomba alete kila alichokuwa akipaka, na alipokuja mara iliyofuata alitoa mkobani kikopo cheupe cha plastiki kisicho na lebo, kifuniko chake kimezungushiwa selotepu. Ndani yake kulikuwa na krimu ya rangi ya maziwa yenye michirizi ya manjano isiyochanganyika vizuri. Pamoja na kikopo hicho alileta tyubu mbili zilizokamuliwa hadi mwisho: moja ya klobetasoli ya asilimia 0.05, na nyingine ya krimu ya mchanganyiko yenye klobetasoli, antibiotiki na dawa ya fangasi kwa pamoja, aliyoinunua kwenye duka la dawa bila kuandikiwa na mtu. Klobetasoli ni miongoni mwa steroidi kali kuliko zote zinazopakwa, na maelekezo yake ya kawaida yanataka isipakwe zaidi ya wiki 2 mfululizo wala kuzidi gramu 50 kwa wiki. Yeye alikuwa ameizoea kama mtu anavyozoea mafuta ya kujipaka.

Fangasi yenyewe ilianza kama duara dogo la ukubwa wa sarafu kiunoni, mahali anapofungia khanga na panapobaki na jasho mchana kutwa. Duara lilimwasha sana. Alipopaka mkorogo, muwasho ulikoma ndani ya siku chache, naye akaamini amepona. Miezi ikapita bila muwasho wowote, huku alama ikitambaa. Mtoto wake wa pili alikuwa na mapunye kichwani, jambo ambalo hakulitaja hadi alipoulizwa, kwa kuwa mapunye ya watoto huchukuliwa kuwa kitu cha kawaida.

Mfuatano wa matukio

Kabla ya kufika kwetu alikuwa amepita mahali pawili. Mahali pa kwanza aliambiwa ana mzio wa sabuni na akapewa krimu nyingine ya steroidi. Mahali pa pili aliambiwa ni pumu ya ngozi. Si ajabu, kwa sababu ngozi haikuwa na sura ya fangasi inayofundishwa darasani: hapakuwa na duara lenye ukingo ulioinuka na magamba, bali mabaka mapana yenye wekundu hafifu, vijipele vilivyotawanyika na ukingo unaofifia ndani ya ngozi nzima. Hali hii ilielezwa katika jarida la kitabibu la Uingereza mwaka 1968 na Ive na Marks, walioipa jina lenye maana ya fangasi iliyojificha. Kilichoificha ni steroidi, kwa kuwa wekundu, magamba na ukingo ulioinuka si kazi ya fangasi peke yake. Kwa sehemu kubwa ni kazi ya kinga inayopambana nayo.

Mapajani na kwenye makwapa kulikuwa na michirizi ya ngozi iliyochanika kwa ndani, na ngozi ya mikono ilikuwa nyembamba kiasi cha mishipa kuonekana. Ishara hizo ndizo zilizotufanya tuulize kuhusu krimu kabla ya kuuliza kuhusu chakula au sabuni.

Mtaalamu wa maabara alikwangua magamba kutoka pembezoni mwa mabaka mawili, akayaweka kwenye kioo pamoja na tone la potasiamu haidroksaidi ya asilimia 20, akafunika, akasubiri seli za ngozi zilainike. Chini ya darubini zilionekana nyuzi za fangasi zenye vizingiti, yaani vikuta vinavyozigawa, zikikatiza mipaka ya seli za ngozi badala ya kuifuata. Katika fangasi ya kawaida mara nyingi inabidi kuhamisha kioo huku na huku ili kuupata uzi mmoja wa uhakika. Hapa kila uwanja wa darubini ulikuwa umejaa nyuzi. Ngozi iliyoonekana kutulia ndiyo iliyokuwa imebeba fangasi nyingi kuliko kawaida.

Kipimo cha VVU kilikuwa hasi, sukari ya damu ilikuwa ya kawaida, na hakuwa mjamzito. Vipimo hivi havikuwa desturi tu: fangasi iliyoenea hivi inaweza kuwa dalili ya upungufu wa kinga wa mwili mzima au ya kisukari, na ilibidi kuyaondoa hayo kabla ya kulaumu krimu.

Matibabu yalianza siku hiyo. Siku chache baada ya wiki ya kwanza muwasho ulianza kurudi, na katikati ya wiki ya pili alirudi kliniki bila miadi, mabaka yakiwa mekundu zaidi na ukingo wake umeinuka waziwazi. "Shikamoo sista," alimwambia muuguzi aliyempokea, "dawa yenu inaniunguza, ile ya kwanza ilikuwa inanituliza." Wifi yake alikuwa amemshauri arudie mkorogo walau usiku ili apate usingizi, na alikiri kwamba alikuwa ameshaununua.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutotibu kwa macho. Mabaka yasiyo na sura yanaweza kuwa pumu ya ngozi, mzio, hata ukoma wa hatua za mwanzo, na kukwangua magamba kunagharimu dakika chache tu.

Uamuzi wa pili, uliojadiliwa zaidi, ulihusu namna ya kuacha steroidi. Baadhi ya wenzetu walitaka iachwe palepale mwili mzima, na wengine walihofia kwamba tezi za juu ya figo zilikuwa zimelala baada ya mwaka wa kupaka dawa kali kwenye eneo kubwa la mwili. Mgonjwa hakuwa na kizunguzungu, kutapika wala shinikizo la chini la damu, na kiwango cha asubuhi cha kotisoli, homoni inayotolewa na tezi hizo, ambacho sampuli yake ilibidi ipelekwe maabara kubwa, kilirudi kikiwa ndani ya kawaida. Tukakubaliana klobetasoli isimame kabisa, na usoni, ambako hakukuwa na fangasi, apake haidrokotisoni ya asilimia 1 kwa muda mfupi ili kupunguza mshtuko wa kuacha. Alielezwa dalili ambazo akiziona asisubiri miadi.

Dawa ya fangasi ilikuwa terbinafini ya kumeza, miligramu 250 kwa siku, kwa kuwa eneo lilikuwa kubwa mno kwa krimu na kwa kuwa steroidi huruhusu fangasi kushuka kwenye vinyweleo ambako krimu haifiki vizuri. Mtoto mwenye mapunye alipewa griseofulvini. Bila kumtibu mtoto, mama angepona na kuambukizwa upya kwenye godoro lilelile.

Uamuzi wa tatu ulifanywa kwa maneno. Kabla hajaondoka siku ya kwanza, aliambiwa kwa Kiswahili cha kawaida kwamba ngozi yake ilikuwa imenyamazishwa, kwamba ikiamka itawasha, na kwamba muwasho huo hautakuwa na maana ya kuwa dawa imeshindwa. Muuguzi alimwomba arudie maelezo hayo kwa maneno yake mwenyewe. Ninaamini kwamba kurudia huko ndiko kulikomleta kliniki wiki ya pili badala ya kumrudisha moja kwa moja kwenye kikopo.

Aliporudi, shinikizo la kumpa steroidi kidogo tu ili apate nafuu lilikuwa kubwa, na ni shinikizo la huruma. Badala yake tulikwangua tena. Nyuzi zilikuwa zimepungua sana, na nyingine zilikuwa zimevunjikavunjika. Kwa hiyo tulikuwa mbele ya ngozi nyekundu zaidi yenye fangasi chache zaidi. Tulimpa setirizini, dawa ya kupunguza muwasho, ya usiku na mafuta ya mgando, tukamwonyesha kwenye darubini tofauti ya vioo viwili, cha siku ya kwanza kikiwa kimehifadhiwa kama picha ya simu, tukaendelea na terbinafini.

Matokeo

Kufikia wiki ya nne ukingo ulikuwa umeshuka, na muwasho ulikuwa umepungua kiasi cha kulala bila setirizini. Dawa iliongezwa hadi wiki ya sita kwa sababu ya vipele vichache vya vinyweleo mgongoni, na mwishoni mwa wiki hiyo ukwanguaji haukuonyesha uzi wowote. Mapunye ya mtoto yalipona, na nywele zikaanza kuota. Yalibaki mabaka meusi yanayofifia polepole, na ile michirizi ya mapajani ambayo haitaondoka. Alipoonekana tena miezi mitatu baadaye fangasi haikuwa imerudi, ingawa uso wake ulikuwa umepitia kipindi kigumu cha chunusi na wekundu wa kuachishwa steroidi.

Uchambuzi: ni nani anayezilea seli za kinga za ngozi

Hatukuchukua kipande cha ngozi cha mgonjwa huyu kwa uchunguzi wa kitishu, kwa kuwa matibabu yake hayakukihitaji. Maelezo yanayofuata yanatokana na utafiti wa watu wengine na wa panya, na yamewekwa hapa kwa sababu yanaeleza mfuatano mzima wa dalili zake.

Katika epidermisi, yaani tabaka la juu la ngozi, seli nyingi ni keratinosaiti, zile zinazojenga ukuta. Kati yake, takriban asilimia 2 hadi 4 ya seli zote, zimekaa seli zenye mikono mirefu zinazoitwa seli za Langerhans. Paul Langerhans alizichora mwaka 1868 akiwa bado mwanafunzi wa udaktari jijini Berlin, baada ya kuitia ngozi rangi kwa kloridi ya dhahabu, na kwa sababu ya mikono hiyo alidhani ni seli za neva. Zaidi ya karne moja ilipita kabla haijathibitika kwamba ni seli za kinga: hunasa vipande vya vijidudu, huvipeleka kwenye matezi na kuvionyesha kwa limfosaiti T, aina ya seli nyeupe za damu.

Kwa muda mrefu ilifikiriwa kwamba seli hizi, kama seli nyingine za kinga, huletwa na damu kutoka kwenye uboho wa mifupa bila kukoma. Sivyo. Katika panya zimeonekana kutokana na seli za awali zinazoingia kwenye ngozi kabla ya kuzaliwa, kutoka kwenye kifuko cha kiini na ini la kijusi, kisha hugawanyika hapohapo na kujitosheleza maisha yote ngozi ikiwa salama. Kwa binadamu ushahidi mmoja ulitoka Lyon, Ufaransa, kwa mgonjwa aliyepandikizwa mikono yote miwili mwaka 2000: takriban miaka 10 baadaye, epidermisi ya mikono ile bado ilikuwa na seli za Langerhans za mtu aliyeitoa. Hakuna damu iliyokuja kuzibadilisha. Basi swali linakuwa hili: kama haziletwi, nani anazilea?

Jibu la kwanza ni keratinosaiti. Seli za Langerhans zina kipokezi, yaani molekuli inayopokea ishara, kinachoitwa CSF-1R, na panya wasio na kipokezi hicho hawana seli hizo kabisa. Lakini panya wasio na kichochezi kilichojulikana cha kipokezi hicho, yaani CSF-1, walikuwa nazo. Kitendawili hiki kilidumu hadi mwaka 2008, kilipogunduliwa kichochezi cha pili cha kipokezi kilekile, interlukini 34. Mwaka 2012 makundi mawili ya watafiti yalionyesha, kila moja kwa njia yake, kwamba panya wasio na interlukini 34 hukosa seli za Langerhans, na kwamba katika ngozi kichochezi hicho hutengenezwa na keratinosaiti. Seli ya ukuta ndiyo inayomlisha mlinzi wake.

Jibu la pili ni TGF-beta 1. Mwaka 1996 ilionekana kwamba panya wasio na kichochezi hiki hawana seli za Langerhans. Kazi yake ina sehemu mbili, kwa kuwa huisaidia seli changa kukomaa kuwa seli ya Langerhans, na pia huizuia isiondoke kwenye epidermisi kabla ya wakati. Kinachovutia zaidi kwa kisa hiki ni kwamba TGF-beta hutolewa ikiwa imefungwa, na haifanyi kazi mpaka ifunguliwe. Katika epidermisi ya panya, funguo ni molekuli mbili za juu ya keratinosaiti, integrini alfa-v-beta 6 na alfa-v-beta 8. Mionzi ya urujuanimno huzipunguza integrini hizo, TGF-beta hubaki imefungwa, na seli za Langerhans huondoka. Hapa ndipo jua la mwalo linapoingia katika hadithi ya kibayolojia. Kwa mgonjwa wetu mambo mawili yalikuwa yakiigonga epidermisi ileile: jua kwenye mikono, shingo na mgongo, na klobetasoli kote alikopaka.

Kuna kichochezi cha tatu ambacho vitabu vingi hukitaja mwanzo, nacho ni GM-CSF. Mwaka 1992 watafiti waliweza kukuza seli zinazofanana na za Langerhans kutoka kwenye seli za awali za damu ya kitovu kwa kuzipa GM-CSF pamoja na TNF-alfa, ishara nyingine ya kinga, na ugunduzi huo ulifungua uwanja mzima. Hata hivyo, panya wasio na GM-CSF bado wana seli za Langerhans kwenye ngozi. Ninalisisitiza hili kwa wanafunzi kwa sababu ni kosa jepesi kudhani kwamba kilichotosha kwenye sahani ya maabara ndicho kinachohitajika kwenye ngozi iliyo hai. GM-CSF ina umuhimu wake ngozi inapochokozwa, pale keratinosaiti zinapoitoa kwa wingi kuita na kuamsha seli za kinga, na steroidi huuzima utoaji huo moja kwa moja.

Steroidi zinazopakwa zimeonekana kupunguza idadi ya seli za Langerhans zinazotambulika kwenye epidermisi ya binadamu, na kudhoofisha uwezo wa zile zinazobaki kuonyesha vijidudu kwa limfosaiti. Lakini mfano ulio wazi kuliko wote wa steroidi kukata malezi unatoka kwa seli nyingine, seli za masti, zinazokaa chini kidogo kwenye dermisi, tabaka lililo chini ya epidermisi, na kutoa histamini inayowasha. Seli za masti huishi kwa kutegemea kichochezi kiitwacho SCF, kinachotengenezwa na faibroblasti, seli zinazotengeneza nyuzi za ngozi, na seli nyingine za ngozi, na kupokelewa na kipokezi cha KIT. Mwaka 1985 ilionyeshwa kwamba kupaka steroidi kali kwenye ngozi ya binadamu huziondoa seli za masti, na kwamba hurudi taratibu baada ya kuacha. Mwaka 1997 utafiti wa panya ulieleza njia mojawapo: steroidi hazikuhitaji kuziua seli za masti zenyewe, bali zilipunguza SCF inayotolewa na seli jirani, na seli za masti zikafa kwa kukosa kichochezi chake. Mche uliokatiwa maji haunyauki siku hiyohiyo, na ukirudishiwa maji hauchipui siku hiyohiyo. Ndivyo ilivyo kwa seli hizi, na ndiyo sababu kinga ya ngozi hupungua kwa wiki na kurejea kwa wiki, si kwa siku.

Sasa mfuatano wa dalili za mgonjwa unasomeka. Muwasho wa mwanzo ulikuwa kinga ikifanya kazi. Ulipokoma ndani ya siku chache, kilichozimwa kwanza ni kemikali za uvimbe, si fangasi. Upakaji ulipoendelea kwa miezi, hata seli zenyewe zilikosa mazingira ya kuishi na kukomaa, na fangasi ikatambaa bila upinzani. Dawa ya fangasi iliyokuwemo kwenye ile krimu ya mchanganyiko haikuweza kufidia, kwa kuwa iliwekwa kwenye tyubu moja na kitu kinachomwondoa msaidizi wake, yaani kinga. Steroidi ilipoachwa, keratinosaiti zilianza tena kutoa ishara, na katika panya imeonekana kwamba epidermisi iliyopoteza seli za Langerhans kwa uvimbe au kwa mionzi hujazwa kwanza na monosaiti, aina ya seli nyeupe za damu, zinazoongozwa na kipokezi kilekile cha CSF-1R, safari hii CSF-1 kutoka kwa nutrofili, seli nyeupe nyingine, ikisaidia, kabla interlukini 34 haijarudi kuwa mlezi wa kudumu. Ngozi iliyo katika hatua hiyo imejaa wageni, ina joto na inawasha. Mishipa ya damu iliyokuwa imebanwa na steroidi nayo hufunguka, na wekundu huongezeka. Kuyazima hayo kwa steroidi wiki ya pili kungekuwa kuirudisha ngozi mahali ilipotoka.

Je, seli za Langerhans zina kazi kweli dhidi ya fangasi? Kwa panya walioambukizwa Candida, fangasi ya aina nyingine, kwenye ngozi, seli hizi ndizo zinazoanzisha limfosaiti T zinazotoa interlukini 17, ishara inayohamasisha kinga dhidi ya fangasi. Candida si fangasi ya mapunye, lakini kwa binadamu kuna ushahidi wa upande wa pili: mwaka 2013 iliripotiwa kwamba watu kutoka familia za Afrika Kaskazini waliozaliwa na kasoro ya CARD9, protini inayosafirisha ishara ya kutambua fangasi ndani ya seli za kinga, hupata fangasi ya ngozi inayozama hadi ndani ya mwili na inayoweza kuua. Mgonjwa wetu hakuzaliwa na kasoro yoyote. Yake ilitengenezwa kwa kikopo, na kwa bahati ilikuwa ya kurekebishika.

Kilichofaa na kisichofaa

Kilichofaa zaidi ni kumwandaa mgonjwa kwa muwasho kabla haujaja, na kukwangua mara ya pili badala ya kuamua kwa wekundu. Ukwanguaji wa pili ulitupa sisi wenyewe ujasiri wa kutokubadilisha dawa, na picha ya vioo viwili ilimshawishi mgonjwa kuliko maelezo yoyote ya mdomo. Kuuliza habari za mapunye ya watoto kulifunga mlango ambao fangasi ingerudia.

Upande wa jua tulishindwa kwa sehemu kubwa. Kofia pana na nguo ya mikono mirefu vilikubalika, lakini dagaa huanikwa jua linapowaka, na hakuna ushauri wa kliniki unaoweza kubadilisha saa za kazi hiyo bila kumnyima mtu kipato. Krimu za kukinga jua zenye ubora humgharimu mwanikaji dagaa fedha ambayo hana. Tungeweza kufanya zaidi kwa kuwaendea viongozi wa mwalo na kuzungumzia vivuli vya kupumzikia kati ya mageuzo.

Hatukufanikiwa pia kuwafikia wanawake wengine watatu waliokuwa wakinunua mkorogo kwa mwuzaji yuleyule. Mgonjwa aliwataja kwa hiari, akawaita, na ni mmoja tu aliyekuja. Kikopo kilikabidhiwa kwa mfamasia wa wilaya. Usimamizi wa vipodozi ulihamishiwa Shirika la Viwango Tanzania mwaka 2019, wakati dawa zilibaki chini ya mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na kikopo kisicho na lebo chenye dawa ndani yake kiko katikati ya ofisi hizo mbili. Tulichoweza kubadilisha ndani ya kliniki tumekibadilisha: fomu ya historia ya mgonjwa wa ngozi sasa inauliza jina la kila kinachopakwa na kilikonunuliwa, na kadi ya miadi ina sentensi inayomwomba mgonjwa aje na makopo yote, hata yaliyokwisha.